VSC, TRC au 4WD: uchague nini kwa barabara zenye utelezi

Masika yakikaribia, wanaotafuta gari la kuagiza Japani hurudi kwenye swali lile lile: nichukue gari dogo la kuvuta mbele lenye TRC (mfumo unaozuia gurudumu kuzunguka bure) na VSC (mfumo unaozuia gari kuacha mstari wake likiteleza), au niongeze pesa nipate 4WD, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne? Kabla ya kujibu, nakuomba uifikirie njia unayopita kila siku, kisha uchague kipande kimoja tu kinachokutia wasiwasi mvua ikinyesha. Kama ni kona ya lami, mteremko wa lami au barabara kuu yenye madimbwi, tafuta VSC kwanza. 4WD ije baadaye kama pesa zinabaki. Kama ni kilima cha udongo kabla ya kufika nyumbani au shambani, tafuta 4WD, na uangalie kwa makini ni 4WD ya aina gani. Watu hupoteza pesa, na wengine maisha, kwa kudhani kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine.

Kila kimoja kina kazi yake

Tuanze na TRC, maana ndiyo rahisi. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja, ila kiasi cha nguvu hiyo huamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Gurudumu la kushoto likikaa kwenye tope na kuzunguka bure, la kulia lililo pakavu nalo linakosa nguvu, na gari linabaki hapo hapo. TRC husoma kasi ya kila gurudumu. Ikiona moja linazunguka kuliko mwenzake, inapunguza nguvu ya injini na kulikaba breki gurudumu hilo. Likishakabwa, nguvu inapata njia ya kwenda upande wa pili. Magari madogo ya mjini hutegemea zaidi kupunguza nguvu ya injini. Land Cruiser Prado yenye A-TRC hutegemea zaidi breki na kuacha injini iendelee kuvuta. Tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa tukifika kwenye tope.

VSC ina kazi pana zaidi. Mbali na sensa za magurudumu, ina sensa ya usukani inayoonyesha dereva anataka kwenda wapi, na sensa nyingine mwilini mwa gari inayoonyesha gari lenyewe linageukia na kusukumwa wapi. Kompyuta inalinganisha taarifa hizo bila kupumzika. Mkia ukianza kutoka nje ya kona, inakaba gurudumu la mbele la upande wa nje ili kuurudisha. Pua ikigoma kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja, inakaba gurudumu la nyuma la upande wa ndani na kupunguza nguvu ya injini. Hakuna dereva, hata wa mashindano, anayeweza kufanya hivyo kwa mguu wake, kwa sababu pedali ya breki ni moja na magurudumu ni manne.

Toyota huiita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC, Mitsubishi ASC, Mercedes-Benz na Volkswagen ESP. Kazi ni ile ile. Mercedes-Benz na Toyota zote zilianza kuiuza mwaka 1995, kwenye magari ya bei kubwa. Kilichosaidia sana kuishusha hadi kwenye magari madogo ni jaribio la Oktoba 1997, pale gazeti la magari la Uswidi, Teknikens Värld, lilipoijaribu Mercedes-Benz A-Class kwa kukwepa ghafla, kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Kampuni ikasimamisha mauzo kwa muda, ikalirekebisha, na kuanzia hapo kila A-Class ikatoka na ESP. Mkwepo ule ndio tunaoufanya huku kwa mbuzi, kwa shimo lililojaa maji, na kwa bodaboda anayeingia barabarani bila kuangalia.

4WD yenyewe hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne badala ya mawili. Inakusaidia unapokanyaga mafuta. Unapokanyaga breki haina msaada mkubwa, maana kila gari, liwe la kuvuta mbele au nyuma, lina breki kwenye magurudumu yote manne.

Lami iliyolowa

Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote. Mafuta yaliyodondoka, vumbi na mabaki ya matairi huchanganyika na maji kidogo na kufanya utando laini juu ya lami, kabla mvua haijanyesha vya kutosha kuuosha. Chukua mteremko wenye kona kali kama wa Kitonga, kati ya Morogoro na Iringa, katika hali hiyo, kisha tupitishe magari manne kwenye kona moja.

Gari la kuvuta mbele lisilo na VSC likiingia kwa kasi kidogo kuliko inavyotakiwa, pua inakwenda nje. Dereva anaogopa, anazidisha usukani, anakanyaga breki. ABS inazuia magurudumu yasigande, lakini haimrudishi kwenye mstari wake. Likiwa na VSC, gari lile lile linahisi pua imegoma, linapunguza nguvu ya injini na kukaba gurudumu la nyuma la ndani. Dereva anaona taa ya rangi ya chungwa yenye gari na mistari ya mawimbi ikimetameta, anahisi breki zikinguruma chini, na mara nyingi anamaliza kona akiwa kwenye upande wake wa barabara.

Pikapu isiyo na mzigo ndiyo ninayoihofia zaidi kati ya hayo manne. Hilux au Land Cruiser 70 za 4WD ya kuchagua kwa mkono mdogo wa gia, kwenye lami zinatembea kwa H2, yaani zinavuta nyuma tu. Hazina difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo ukiweka H4 (kuvuta kwa magurudumu manne) kwenye lami, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana kila unapokata kona na mashine inaumia. Basi hapo mwenye 4WD anaendesha gari la kuvuta nyuma lenye mkia mwepesi, na matoleo mengi ya zamani hayana VSC. Mkia ukitoka, umetoka. Kwa kazi za miji inayounganishwa na lami, pikapu ya zamani ya aina hiyo ni chaguo baya la mvua, hata kama watu wanaiheshimu kwa uimara wake.

La nne ni gari refu kwenda juu lenye 4WD ya kudumu lakini bila VSC, kama baadhi ya RAV4 za miaka ya 2000. Hili linadanganya kwa utulivu. Linaondoka vizuri kwenye lami iliyolowa, halizungushi gurudumu, na dereva anaamini barabara ina mshiko. Anaujua ukweli siku anapohitaji kusimama au kukwepa, akiwa tayari na kasi ambayo gari la kuvuta mbele lingemwonya asiifikie. Na kwa kuwa limeinuka, likiteleza pembeni na kugonga ukingo wa mtaro, hupinduka kwa urahisi zaidi.

IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayofadhiliwa na kampuni za bima, imekuta kwamba mfumo wa VSC hupunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali za kuua zinazohusisha gari moja, yaani gari kuacha njia, kugonga mti au kupinduka. Sijui kifaa kingine cha gari, ukiacha mkanda, chenye faida kubwa namna hiyo kwa dereva wa kawaida.

Bado VSC inafanya kazi kwa mshiko ulioko kati ya tairi na barabara, haiutengenezi. Tairi lililoisha mifereji linapopanda juu ya maji na kuelea, kukaba breki ya gurudumu hilo hakubadilishi chochote. Ulaya kiwango cha chini cha kina cha mifereji ni milimita 1.6, na mimi ningebadilisha mapema zaidi kabla ya masika. Mwenye VSC na matairi kipara hana VSC.

Changarawe

Hapa tofauti ni ndogo, na hukumu yangu ni fupi. Acha VSC ikiwa imewashwa, kwa sababu mkia hutoka upesi kwenye changarawe legevu kuliko kwenye lami. Usishangae ikiingilia kati mara nyingi kwenye barabara yenye matuta madogo ya mfululizo, maana magurudumu yanaruka na kompyuta inaona kasi zinapishana. ABS nayo inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililoganda lingejikusanyia changarawe mbele yake na kulisaidia gari kusimama. Kwa hiyo ongeza nafasi kati yako na gari la mbele. 4WD ya kudumu hapa inapendeza, hasa ukipanda, lakini peke yake si sababu ya kutosha ya kulipa bei ya juu.

Tope

Tope linataka maelezo zaidi, kwa sababu mfumo uliokuokoa kwenye lami unaweza kukukwamisha hapa. Kwenye tope gurudumu linahitaji kuzunguka kidogo ili lijisafishe, na gari linahitaji lisipoteze mwendo. TRC ya gari dogo inaona kuzunguka huko kama hatari na kuikata nguvu injini. Unakanyaga mafuta, injini inanyamaza, gari linasimama katikati ya dimbwi. Ndiyo maana kuna swichi. Kwenye Toyota nyingi, kuibonyeza mara moja kunazima TRC. Kuishikilia kwa sekunde zaidi ya tatu gari likiwa limesimama kunazima na VSC. Izime kabla ya kuingia topeni, iwashe ukifika nchi kavu. Ukizima injini na kuiwasha tena, mara nyingi mfumo hurudi wenyewe.

Gari la kuvuta mbele, hata TRC ikiwa imezimwa, lina kikomo. Kwenye kilima cha mfinyanzi uliolowa, kama njia za vijijini juu ya Lushoto, uzito unahamia nyuma gari linapopanda, na magurudumu yanayovuta ndiyo yanayobaki mepesi. Kwa kipande kifupi, madereva wa milimani hupanda kinyumenyume ili uzito uje kwenye magurudumu yanayovuta. Ni mbinu ya kweli, ila inataka mtu wa kukuongoza nyuma na njia isiyo na korongo pembeni.

Sasa 4WD zenyewe. Corolla Fielder, Vitz na Probox za 4WD kwa miaka mingi zilitumia mfumo wa Toyota uitwao V-Flex: gari linavuta mbele, na magurudumu ya mbele yakizunguka kuliko ya nyuma, kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni kinashika na kupeleka nguvu nyuma. Kinachelewa kidogo, na nguvu inayofika nyuma si nyingi. Kinatosha kukutoa kwenye uwanja wa kanisa uliolowa au kwenye mlango wa shamba. Kwa kilometa nyingi za tope zito hakitoshi.

RAV4 ya chesisi ACA31, Harrier ya ZSU65 na X-Trail ya T31 zinatumia klachi ya umeme inayoamuliwa na kompyuta. Zinashika upesi zaidi, na RAV4 na X-Trail hizo zina swichi ya kufunga mgawanyo wa mbele na nyuma. Kwenye RAV4 hiyo kufunga huachia ukipita kilometa 40 kwa saa. Subaru Forester ya toleo lililotoka mwishoni mwa 2012 ilileta X-Mode, inayobadilisha namna injini, gia na breki zinavyoshirikiana ukiwa chini ya kilometa 40 kwa saa. Hizi ndizo ninazompendekeza mtu anayeishi mjini na kwenda kijijini mara kwa mara. Tatizo lake ni joto: ukilazimisha muda mrefu kwenye tope zito, mifumo mingi ya namna hii huachia klachi ili kujilinda, na unabaki na gari la kuvuta mbele.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kufunga mgawanyo wa mbele na nyuma hakufungi difu ya mbele wala ya nyuma. Njia ikiwa na mifereji mirefu, gurudumu moja la mbele likaning'inia na moja la nyuma la upande wa pili likaning'inia pia, 4WD isiyo na TRC inazungusha hayo mawili hewani na kukaa. Hapo TRC inayokaba breki vizuri ndiyo inayoipa 4WD maana yake. Kwa hiyo 4WD ya zamani isiyo na TRC wala difu ya kufunga (inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja) inaweza kushindwa mahali ambapo gari jipya zaidi linapita kwa utaratibu.

Prado ya toleo la 150 ina 4WD ya kudumu yenye difu ya kati ya Torsen, inayogawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma katika hali ya kawaida, ina gia ndogo, na nyingi zina A-TRC. Baadhi zina difu ya nyuma ya kufunga. Ukiwa kwenye L4, yaani 4WD kwa gia ndogo, na difu imefungwa, taa ya VSC OFF inaweza kuwaka yenyewe. Huo ndio utaratibu wake, usikimbilie kwa fundi. Difu ya nyuma ifunge kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa, na uifungue ukifika pagumu, kwa sababu gari lililofungwa difu halitaki kukata kona. Kwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaojaa kwenye matairi mpaka yanakuwa laini kama mpira, sijaona chaguo jingine la maana kwa familia zaidi ya gari la namna hii lenye matairi ya njia mbaya.

Kushuka ni nusu ya pili ya kilima. L4 na gia ya kwanza hushikilia magurudumu yote kwa nguvu ya injini; gari la kuvuta mbele linashikiliwa mbele tu, na mkia unaweza kukupita.

Kwa mchanga wa pwani, zima TRC, punguza upepo wa matairi hadi PSI 18 hivi, usisimame katikati, na ujaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Mwaka, sheria na herufi za chesisi

Japani ililazimisha VSC kwa aina mpya za magari ya abiria kuanzia Oktoba 2012, na kwa zile zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa kuanzia Oktoba 2014. Magari ya injini ndogo ya daraja la kei yalipewa muda zaidi. Kwa hiyo gari la abiria la kawaida la 2015 na kuendelea kutoka Japani unalitarajia liwe na VSC. Kabla ya hapo, kwenye magari madogo mara nyingi ilikuwa kitu cha kulipia zaidi, na mnunuzi wa kwanza huko Japani aliamua kwa niaba yako. Probox ya umbo jipya la 2014 ilitoka nayo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mnunuzi wa Mombasa au Nairobi anayeagiza leo karibu ana uhakika. Uganda hukataa gari lililofikisha miaka 15. Tanzania inakubali hata makuukuu zaidi kwa ushuru wa ziada, na ndiyo maana mnunuzi wa Dar es Salaam anatakiwa kuwa macho zaidi: tangazo moja linaweza kuwa na Fielder mbili zinazofanana kwa nje, moja ina VSC na nyingine haina.

Herufi za chesisi zitakuambia kuhusu 4WD bila kumtegemea dalali. Fielder NZE141 inavuta mbele, NZE144 ni 4WD. Toleo lililofuata, NZE161 na NZE164. Premio ZRT260 inavuta mbele, ZRT265 ni 4WD. Probox ya zamani NCP51 na NCP55. RAV4 ACA36 na ACA31. Harrier ZSU60 na ZSU65. Herufi hizi hazikuambii kitu kuhusu VSC. Hiyo inatafutwa kwenye dashibodi.

Pesa ikiwa inatosha ama Premio ya 2015 ya kuvuta mbele ama RAV4 ya 2006 ya 4WD, na njia yako ni lami pamoja na kilometa chache za changarawe, ningechukua Premio bila kusitasita. Njia ikiishia kwenye kilima cha mfinyanzi, ningetafuta Fielder NZE164 au X-Trail yenye VDC inayofanya kazi kabla ya kuigusa RAV4 isiyo nayo.

Kukagua kabla ya kulipa

Weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya ABS na ile ya gari lenye mawimbi lazima ziwake, kisha zizimike zenyewe, nyingine mpaka injini iwake. Isipowaka kabisa, ama gari halina mfumo, ama mtu ameiondoa taa ili kuficha ubovu. Ikiwaka na kubaki, VSC haipo kazini, na mara nyingi ABS nayo. Tafuta pia kitufe cha VSC OFF au TRC OFF.

Sababu ya taa kubaki mara nyingi ni sensa ya gurudumu. Kwenye Toyota nyingi ndogo sensa ya nyuma iko pamoja na habu ya beringi, na beringi ya bei rahisi isiyo na ringi sahihi ya sumaku huiacha kompyuta bila taarifa. Baada ya kubadilisha sensa ya mwili, na wakati mwingine baada ya kupanga magurudumu, sensa hutakiwa kusawazishwa upya kwa mashine, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Fundi anayekushauri uchomoe soketi ili taa ikome anakuuzia gari lingine, la mwaka wa nyuma zaidi.

Mwisho kagua matairi yote manne: saizi moja, aina moja, uchakavu unaokaribiana. Kompyuta inahesabu mizunguko, na tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi. VSC inaweza kuliona kama linateleza, na 4WD ya kudumu inasagika ndani kila kilometa. Gharama ya matairi manne mapya iweke kwenye bajeti tangu siku ya kuagiza, na kama haitoshi, shuka daraja moja la gari.